Chai ya Kuuza na Mboga za Kula

Mvua za masika, ambazo kwa kawaida huanza mwezi wa Machi, huleta kazi nyingi Mogogosiek, katika Kaunti ya Bomet. Chai huchipua upesi; majani mawili na chipukizi lake huchumwa na kufikishwa kiwandani siku ile ile yasiharibike.

Mvua hiyo hiyo huotesha mgagani, ambao Wakipsigis huuita isagek. Mboga hii huchumwa baada ya majuma machache tu, lakini bonasi ya chai hungojewa miezi mingi. Kwa hiyo, anayepanda chai shamba lote hulazimika kununua hata kitoweo.

Ushirika si jambo geni katika nchi hiyo. Walowezi wa Kizungu walianzisha chama chao huko Lumbwa, yaani Kipkelion, mwaka 1908. Sheria ya mwaka 1945 iliwafungulia Waafrika njia. Mboga zikikusanywa na kuuzwa pamoja, mwenye mafungu mawili hupata bei sawa na mwenye ishirini.

Basi, yafaa kila mkulima atenge kipande cha mboga, na mimea michache iachwe ikomae, iwe mbegu ya msimu ujao.