Nchi Jirani: Siku Moja na Redio Tanzania Dar es Salaam

Wasomaji wetu wa Mombasa, Lunga Lunga na Taveta hawana haja ya kuelezwa Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa nini. Katika miaka ya 1970 na 1980 ilisikika majumbani mwao kama ilivyosikika Sauti ya Kenya. Hata mpaka ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukakaa umefungwa hadi 1983, redio hiyo iliendelea kuvuka bila kuulizwa pasi. Kwa wenzetu wa mashamba ya chai na viwanda vya bara ambao hawakuizoea, tunaeleza hapa siku yake ilivyokwenda tangu asubuhi hadi usiku. Tunalo pia jambo moja linalomhusu kila mtu wa mshahara: sehemu kubwa ya muziki uliojaza siku hiyo ulipigwa na wafanyakazi, katika bendi zilizomilikiwa na kiwanda, na mashirika ya umma, na chama cha wafanyakazi chenyewe.

Redio hiyo ilianza wakati wa ukoloni, mwaka 1951, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1965 ikawekwa moja kwa moja chini ya serikali na kupewa jina la Redio Tanzania. Ilikuwa na Idhaa ya Taifa, Idhaa ya Biashara iliyotangaza bidhaa, na Idhaa ya Nje kwa Kiingereza. Vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika navyo vilipewa nafasi ya kusema na watu wao kutoka Dar es Salaam. Sisi hapa tunashika habari za Idhaa ya Taifa, iliyokuwa ya Kiswahili kitupu.

Siku ilianza kabla ya king'ora cha kiwanda. Asubuhi palikuwa na kipindi cha Majira, chenye habari na maelezo ya mambo yanayotokea, na mtu wa zamu alikisikiliza huku akinywa chai yake ya haraka. Taarifa ya habari ilitanguliwa na mlio wa ngoma ambao hata mtoto mdogo aliujua. Mpigaji wake alikuwa Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyeweza kupiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja. Ngoma zikilia, kelele zilikoma.

Tusisahau kwamba redio haikuwa ya kila mtu. Katika kambi ya mkonge redio moja ilisikilizwa na majirani wengi, na mwenye redio alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Nyingi zilikuwa za National, zilizotengenezwa papo hapo Dar es Salaam katika kiwanda cha Matsushita kilichotoa betri pia. Bidhaa zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, betri zilianikwa juani zipate nguvu ya kufikisha taarifa ya jioni.

Mchana kulikuwa na Mchana Mwema, muziki na salamu. Lakini kitu kilichowafanya watu waache sahani na kusogea karibu kilikuwa matangazo ya vifo. Mkoa wa Tanga ulijaa wakata mkonge waliotoka mbali, Kigoma, Songea na kwingineko, wale walioitwa manamba. Simu hawakuwa nayo, na barua ilichukua majuma. Mtu aliyefiwa huko kwao alijulishwa na redio. Msomaji alitaja jina la marehemu, kijiji chake, siku ya mazishi, kisha akataja ndugu mmoja mmoja na mahali alipo, habari ziwafikie. Mtu angeweza kusikia jina lake mwenyewe likitajwa mbele ya wenzake wote wa mstarini, na kwa njia hiyo akajua kwamba mama yake amekufa. Wenzake walimchangia nauli hapo hapo. Hakuna kipindi kilichokuwa na kazi nzito kuliko hicho, wala kilichosikilizwa kwa utulivu zaidi.

Wagonjwa walikuwa na kipindi chao, Ugua Pole, na wakulima walikuwa na Mkulima wa Kisasa. Mwaka 1973 redio ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 2 walishiriki kujifunza juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Kampeni ya Chakula ni Uhai ikafuata mwaka 1975.

Watoto walikuwa na Mama na Mwana, hadithi zilizotangazwa na Bibi Deborah Mwenda, na kusema kweli wazee nao walizisikiliza wakijifanya wanashughulika na mengine. Washairi walikuwa na Malenga Wetu. Wapenda kucheka waliwangoja Pwagu na Pwaguzi. Saa 2 usiku taarifa ya habari, na baada yake Mazungumzo Baada ya Habari, ambapo sauti ya serikali na ya chama tawala ilikuwa kitu kimoja. Mengi ya maana yalisemwa humo juu ya kujitegemea na unyonyaji. Hata hivyo, Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipolaani viongozi wenye kiburi na dharau, na wafanyakazi wa viwanda kadhaa wakaushika na kuwagomea mameneja wao, redio ya serikali haikuwa mahali pa kupeleka kesi hiyo. Msikilizaji alielimishwa kweli. Kuulizwa lilikuwa jambo jingine.

Sasa tuje kwenye muziki. Sera ya redio ilikuwa kupiga hasa muziki wa nyumbani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri; bendi iliyotaka santuri ilipaswa kuja Nairobi, na mpaka ulipofungwa njia hiyo ikawa ngumu. Basi studio ya redio, Barabara ya Pugu, ndiyo ikawa mlango wa bendi zote. Mara nyingi wimbo ulirekodiwa kwa kupigwa mfululizo, bendi nzima pamoja, ukawekwa kwenye utepe.

Na bendi hizo zilikuwa za nani? NUTA, chama pekee cha wafanyakazi kilichoundwa kwa sheria mwaka 1964, kilianzisha NUTA Jazz mwaka huo huo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilikuwa na Urafiki Jazz tangu 1970 chini ya Juma Mrisho, na kazi yake mojawapo ilikuwa kuvitangaza vitambaa vya kiwanda. Polisi walikuwa na yao, jeshi lao, shirika la bima lao. Ala zilikuwa mali ya mwajiri. Mwanamuziki alipokea mshahara wa mwezi, jambo ambalo wenzake wa bendi za binafsi walilionea wivu, na kwa haki, kwa sababu wao walikula tu kama mlangoni kumeingia watu.

Tatizo lilikuwa pale wimbo ulipokwisha rekodiwa. Ukipigwa mara moja au mara elfu, mtunzi hakuongezewa mshahara. Ilipitishwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ndipo ukaundwa mfumo wa kukusanya malipo ya watunzi kupitia COSOTA. Wengi walioimba katika Idhaa ya Taifa walikuwa wamekwisha zeeka au kufa.

Chukua habari za Muhidini Maalim Gurumo. Alikuwa NUTA Jazz tangu siku zake za mwanzo, mwaka 1978 akahamia Mlimani Park, bendi iliyokuja kuwa ya shirika la maendeleo la jiji, na baadaye akarudi bendi yake ya zamani. Sauti yake iliingia kila nyumba yenye redio. Alistaafu mwaka 2013, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba. Gari alilolipata mwaka huo alipewa zawadi na mwanamuziki kijana, Diamond Platnumz. Alifariki Aprili 2014.

Redio Tanzania leo ni TBC, na tangu miaka ya 1990 inashindana na stesheni nyingi za binafsi. Urafiki Jazz haipo tena. Bendi ya NUTA ilibadili jina kila chama kilipobadilika, ikawa JUWATA Jazz mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha OTTU Jazz katika miaka ya 1990. Baadaye ilijulikana kama Msondo Ngoma, jina la mtindo wake wenyewe, bila jina la chama chochote.