Gari Linapozima Njiani

Wengi wetu tumepata kusukuma gari, lakini ni wachache waliojiuliza kwa nini lilizima. Mimi nilikuwa mmoja wa hao wasiojiuliza, mpaka likizo iliyopita.

Mjomba wangu ana pikapu ya zamani. Hushusha kabichi kutoka Lushoto hadi Mombo, na kurudi amepakia saruji. Taabu ilikuwa katika kurudi, maana barabara ile ni ya kupanda. Gari lilizima ghafula mlimani na kukataa kuwaka. Baada ya nusu saa likawaka kama kwamba halikuwa na neno. Mimi, kwa kuwa nimesoma umeme darasani, nilimwambia, "Betri hiyo, Mjomba." Akanunua mpya kwa fedha alizoweka za sare za watoto wake. Safari ya pili likazima tena. Niliona haya sana.

Ndipo tukamwendea fundi mmoja mzee. Hakufungua boneti, aliuliza maswali matatu.

Kwanza: "Stata inazungusha injini?" Kama haizungushi na taa zinafifia, hapo tazama betri na vichwa vyake, kwani huenda vimelegea au vimeshika kutu. Betri iliyojaa huwa na volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa. Stata ya Mjomba ilizungusha kwa nguvu. Basi betri ya zamani haikuwa na kosa, na jambo hilo ningalilijua bila kutoa hata senti moja.

Pili: "Lilizima ghafula au lilikohoa kwanza?" Injini ya petroli hutaka petroli, hewa, na cheche kwa wakati wake. Petroli ikipungua, labda kwa chujio kuziba, mara nyingi gari hukohoa na kuishiwa nguvu kabla ya kuzima. Cheche ikikatika, huzima mara moja kama uliyegeuza ufunguo. Letu lilizima mara moja.

Tatu: "Likipoa huwaka?" Naam. Hapo fundi akataja koili. Koili hugeuza volti 12 za betri kuwa maelfu ya volti, ili cheche iruke kwenye plagi. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi sana. Ukiwa na ufa, joto huutanua ukaachana. Ukipoa hugusana tena. Katika magari ya kisasa, kifaa kinachopima mzunguko wa injini nacho huweza kuwa na tabia hiyo hiyo.

Fundi hakuridhika na maneno. Alipanda nasi mlima, na gari lilipozima akapima kwa plagi ya akiba: hapakuwa na cheche. Tulipongoja ipoe, cheche ikarudi. (Msijaribu wenyewe, umeme huo hupiga vikali, na cheche karibu na petroli ni hatari.) Koili mpya ilikuwa na bei ndogo kuliko betri, na tangu siku hiyo pikapu hupanda hadi Lushoto bila kusimama.

Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Siku nyingine, mjomba, tuulize kwanza, ndipo tununue." Wenzangu, kujua umeme wa kitabuni ni jambo jema, lakini gari lenyewe husema linaumwa wapi. Sikuwa nimelisikiliza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne