Ndani ya tone la maji, kuna PDG na wafanyakazi wake

Kwenye machimbo, kila mutu anajua vile kazi inapangwa. PDG njo mwenye shimo: analeta chakula, anatoa miti ya kushikilia kuta, anapatia wachimbaji mahali pa kulala. Wachimbaji wanashuka. Minerai ikipanda, inagawanywa. Na kila siku swali ni lile lile: nani anafaidika zaidi?

Wanasayansi nao wameuliza swali hilo, lakini juu ya kiumbe kidogo sana cha kwenye maji yaliyotulia. Kinaitwa Paramecium bursaria. Mwili wake wote ni seli moja tu, na urefu wake unakaribia unene wa unywele wa mutu, ao unaupita kidogo. Ukikitazama kwa mikroskopi, utakiona cha kijani. Kumbe ile kijani si yake! Ndani mwake wanaishi wapangaji mamia: mwani wa seli moja, jamaa ya zile majani laini zenye kuteleza juu ya mawe ya mtoni. Mwani wenyewe unaitwa Chlorella, jina ambalo Beijerinck, mwanasayansi wa Uholanzi, alilitoa mwaka 1890.

Mapatano yao ni haya. Mwani unashika mwanga wa jua na kutengeneza sukari na oksijeni, sawa na jani la muhogo. Sehemu ya sukari inaenda kwa mwenye nyumba. Yeye anawapatia hewa ya kaboni na naitrojeni, ambazo ni kama mbolea kwao, kisha anaogelea kuwapeleka penye mwanga. Tena anawalinda: kuna virusi vinavyoua mwani huu ukiwa nje, lakini ukiwa ndani haviwezi kuufikia.

Namna ya kuajiriwa ni kali. Kijidudu kinameza mwani kama chakula, na sehemu kubwa inayeyushwa tumboni. Ile michache inayopona, kila mmoja unafungwa katika kifuko chake chembamba, unakaa karibu na ngozi ya mwenye nyumba, na kuanza kuzaana. Aliyeingia kama chakula amekuwa mfanyakazi.

Basi, nani anafaidika? Mwaka 2016, watafiti wa Uingereza walipima jambo hilo kwa kubadilisha nguvu ya mwanga. Waliona kwamba mwenye nyumba njo anaamua hesabu ya wapangaji. Mwanga ukiwa wa kadiri, anawaacha wawe wengi. Mwanga ukiwa mkali, wachache wanamtosha, anawapunguza. Faida yake ilionekana kwenye mwanga mkali. Faida ya mwani, apana. Kwa hiyo walisema huo unafanana zaidi na unyonyaji kuliko urafiki. Na giza likidumu siku nyingi, mwenye nyumba anaanza kuwala wafanyakazi wake mwenyewe.

Msomaji atauliza: hiyo inatuhusu nini sisi? Twende kwanza Ziwa Tanganyika. Mwaka 1981, watafiti Hecky na Kling walitangaza walichokuta kwenye maji ya juu ya ziwa hilo: vijidudu vingine vya seli moja, aina ya Strombidium, navyo vimebeba mwani wa kijani ndani. Havikuwa vichache. Mara nyingi uzito wa vijidudu vya ziwa ulilingana na uzito wa mwani wote unaoelea huru. Kwa maneno mengine, mapatano haya madogo ni sehemu kubwa ya chakula cha kwanza cha ziwa. Juu yake wanakula wadudu wadogo wa maji, na hao wanaliwa na ndagala. Hata sambaza tunazokaanga hapa Goma asili yake ni kule: zilitolewa Tanganyika na kuwekwa Ziwa Kivu kati ya 1958 na 1960.

Sasa turudi kwetu. Mapatano haya yote, yawe ya haki ao ya unyonyaji, yanasimama juu ya kitu kimoja: mwanga. Muchimbaji anapoosha koltani ao kasiterite mtoni, udongo mwembamba unabaki ukielea na maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Mwanga haupiti. Mwani ulio huru unadhoofika, na ulio ndani ya kijidudu unageuka mzigo, kisha chakula. Kule chini samaki wanapungua, na mama anayenunua fungu sokoni haoni tope. Anaona bei tu.

Hapa Kalengera, kwenye barabara ya Goma na Rutshuru, maji yanashuka kuelekea mto Rutshuru, na mto huo unaingia Ziwa Édouard, ambalo wavuvi wa Vitshumbi wanalitegemea. Jamaa wengine wana watoto Rubaya ao Walikale, kwenye mito mingine. Dawa ya kwanza ni ile ile kila mahali, na haihitaji mashine: maji ya kuoshea yasirudi mtoni moja kwa moja. Chimbeni mashimo mawili ao matatu yenye kufuatana, maji yapite polepole, tope ibaki chini. Shimo likijaa, tope itolewe na kutupwa mbali na ukingo.

Neno la mwisho kwa wazazi: maji ya kijani kwenye shimo lililoachwa yanaonyesha uhai, si usafi. Watoto wasiyanywe.