Bogotá wanalipa kwa simu, lakini si kwa simu yako

Ingia soko la Paloquemao, jijini Bogotá, asubuhi yoyote. Katikati ya maua na matunda ambayo hata majina yake huyajui, utaona kitu umekizoea: karatasi yenye msimbo wa QR na nambari ya simu, imebandikwa mbele ya meza ya mama mboga. Mnunuzi anatoa simu, anabonyeza, anaonyesha ujumbe, anabeba ndizi zake anaenda. Nequi na Daviplata ndiyo majina utakayoyaona kila kona, na mwaka 2025 benki kuu ya Kolombia ilianzisha Bre-B, mfumo wa kutumiana pesa papo hapo kati ya benki na pochi tofauti. Sisi ambao tumekuwa tukitumiana pesa kwa simu tangu 2007, tunajiona tuko nyumbani kabisa.

Halafu inafika zamu yako ya kulipa. Pochi yako ya Kenya haiongei na hizo pochi zao. Na ukisema ufungue ya kwao, utaombwa kitambulisho kilichotolewa Kolombia, kitu ambacho mtalii wa wiki mbili hana. Yaani uko katika jiji linalolipa kwa simu kama Nairobi, na simu yako haiwezi kununua hata ndizi moja.

Anayelala hotelini hasumbuki sana, atapitisha kadi. Makala haya ni ya yule anayebeba begi mgongoni na kulala kwa wenyeji, kwa sababu huko ndiko mambo ya pesa yanaingia hadi jikoni.

Kabla hujapata kitanda

Kuna njia tatu za kawaida. Ya kwanza ni kukaribishwa bure kupitia mitandao kama Couchsurfing, ambayo tangu 2020 wanachama wengi huilipia ada. Ya pili ni kubadilishana kazi na malazi kupitia Workaway, kwa kawaida kama saa tano kwa siku, siku tano kwa wiki, nao wakupe kitanda na chakula. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa jembe unapewa siku ya kwanza. Uliza ubalozi mapema kama visa yako inaruhusu mpango huo. Ya tatu ni kulipia chumba ndani ya nyumba ya familia. Hiyo ndiyo niliyochagua mimi, siku tisa kwa mama mmoja mtaa wa Teusaquillo, zile nyumba za matofali mekundu zinazofanana na za Uingereza.

Ukilipia chumba, usishangae mwenyeji akiomba pasipoti yako ainukuu. Sheria ya huko inawataka wanaotoa malazi waripoti wageni kwa idara ya uhamiaji kupitia mfumo unaoitwa SIRE. Hiyo ni kawaida. Isiyo kawaida ni mtu kuomba namba zilizo nyuma ya kadi yako, au namba ya uthibitisho iliyoingia kwa SMS. Na mwenyeji wa bure anayedai "deposit kidogo tu ya kushikilia chumba" kupitia huduma ya kutuma pesa taslimu, huyo hana chumba. Pesa ikishachukuliwa dirishani, hakuna wa kuirudisha, hata wakala awe na roho nzuri namna gani. Lipa ndani ya mtandao uliokukutanisha naye, au lipa ukiwa umeshasimama mlangoni na begi lako.

Laini yako ya Kenya isilale kwenye droo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi wanakwama. Kadi yako ya mtandaoni, programu ya benki, hata barua pepe, zote zinataka namba ya uthibitisho, na namba hiyo inakuja kwenye laini ya Kenya. Ukifika uwanja wa ndege wa El Dorado ukatoa laini yako kuweka ya Kolombia, umejifungia nje. Washa romingi, ile huduma ya kutumia laini ukiwa nje ya nchi, kabla hujaondoka nyumbani. Nenda na simu ya laini mbili, ya Kenya ya SMS na ya huko ya intaneti.

Kuna wanaoacha laini kwa ndugu nyumbani ili awasomee hizo namba. Tafadhali, usifanye hivyo. Mwenye laini yako na PIN yako ndiye wewe machoni pa mfumo, na undugu haujawahi kuwa nenosiri. Isitoshe, Bogotá iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane. Saa kumi na mbili jioni wewe ukitafuta chakula, huku ni saa nane usiku na huyo ndugu amelala fofofo.

Tofauti hiyo ya saa ni sababu pia ya kupanga mapema nani atakutumia pesa ikibidi. Chagua mtu mmoja, mwandikie jina lako lote kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Wakolombia wengi wana majina mawili ya ukoo, kwa hiyo karani wa dirishani amezoea kusoma jina lote hadi mwisho. "Brayo" wa Umoja hatapewa kitu.

Kwenye ATM, mashine ikikuuliza kama unataka ikubadilishie kwa pesa ya kwenu, kataa, chagua peso. Kiwango cha mashine huwa kibaya. Na kwa kuwa kila kutoa kuna ada, ni nafuu kutoa mara chache kiasi cha kutosha kuliko kutoa vidogo vidogo kila siku.

Noti zenyewe zitakuchanganya siku ya kwanza. Shilingi moja ni kama peso 30 hivi, inapanda na kushuka. Noti mpya hazina zile sifuri tatu, zimeandikwa neno mil, yaani elfu, kwa hiyo 2 mil na 20 mil ni rahisi kupishana gizani. Mtaani elfu moja inaitwa luca, kama sisi tunavyosema ngiri. Ukiambiwa cinco lucas, gawanya elfu tano kwa 30, utapata kama mia na sabini ya Kenya.

Usitoe papai

Kuna msemo utausikia Bogotá hadi uchoke: no dar papaya, usitoe papai. Maana yake usimpe mwizi nafasi. Simu kushikwa mkononi kando ya barabara ni papai. Begi nyuma ya kiti ni papai.

Lakini kuna hatari moja inayohusu pesa za kadi moja kwa moja, wanaiita paseo millonario, matembezi ya milionea. Unasimamisha teksi barabarani usiku, mbele kidogo wanaingia wenzake dereva, unazungushwa ATM hadi ATM mpaka kikomo cha kutoa kiishe. Wengine humshikilia mtu hadi usiku wa manane upite ili kikomo cha siku mpya kianze. Ndiyo maana wenyeji huita teksi kwa programu au kwa simu, na mama wa Teusaquillo alikuwa anasimama dirishani hadi asome namba ya gari. Pia, ile hadithi ya Nairobi ya kuwekewa mchele kwenye kinywaji, kule ipo na inaitwa burundanga.

Jibu la upande wetu ni dogo: kadi unayotembea nayo iwe na pesa ya siku mbili tu, na kikomo chake kiwe chini. Akiba ikae kwenye akaunti nyingine, ambayo programu yake haiko kwenye simu unayotoka nayo usiku. Huwezi kulazimishwa kutoa kisichofikika.

Pesa na mwenyeji

Sasa lile linalowapa watu aibu. Mwenyeji analipa kila kitu kwa simu: soko, mkate, mchango wa chakula. Wewe una noti. Atasema "tranquilo", usijali, na siku ya tano utakuta amekulipia karibu nauli ya kurudi. Weka daftari kwenye simu, mrudishie kila jioni. Swali ni fupi: ¿Cuánto le debo? Bogotá husema usted hata na jamaa, na kina mama wa nyanda hizo wanaweza kukuita sumercé, neno la heshima lenye joto kama la bibi akikuita "mwanangu". Ukimjibu kwa adabu hiyo hiyo, milango inafunguka.

Akikataa pesa kabisa, usilazimishe noti mkononi. Nenda sokoni ununue vya nyumba nzima. Viazi vya aina tatu, kuku, mahindi na majani ya guascas vinatosha sufuria ya ajiaco, supu ya jiji hilo. Bogotá iko mita 2,640 juu ya bahari (Nairobi ni kama 1,800), kwa hiyo usiku ni baridi na supu hiyo haikatai mtu. Zawadi ya kutoka Kenya, peleka majani ya chai au leso. Kahawa wanayo.

Maji ya moto nayo ni pesa. Nyumba zimepangwa kwa ngazi 1 hadi 6 zinazoitwa estrato, na bili hufuata ngazi hiyo. Ngazi za juu hulipa zaidi ili za chini zipunguziwe. Tena kuanzia Aprili 2024 hadi Aprili 2025 jiji lilikuwa na mgao wa maji kwa zamu, kwa hiyo mgeni anayeoga nusu saa wanamwona vizuri sana.

Jumapili hutahitaji pesa nyingi. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane mchana barabara zaidi ya kilomita 100 hufungwa kwa magari, baiskeli zinatawala, utaratibu ulioanza 1974. Makumbusho ya Botero pale La Candelaria kuingia ni bure. Basi la TransMilenio ni kama mia na kitu za Kenya, halichukui noti, unanunua kadi ya tullave pale kituoni na kuijaza.

Ukikaribia kuondoka, punguza peso mfukoni. Usitegemee duka la kubadilisha pesa la Nairobi kuzipokea. Zilizobaki zijaze kwenye hiyo kadi ya basi umwachie mwenyeji, mgeni anayefuata ataianzia pale ulipoishia.