Mafuta ya Kulainisha Ngozi na Dawa ya Kuchua

Mafuta ya kulainisha hutibu ngozi yenyewe. Zeri, ambayo wengi huiita dawa ya kuchua, hupakwa juu ya ngozi ili kutuliza misuli na viungo vilivyo chini yake. Kwa kuwa zote mbili hukaa kwenye vikopo na mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta yaleyale ya mgando, huchanganywa kirahisi, na anayeumia zaidi ni mwenye ngozi iliyokwisha kuchubuka.

Wazo, katika Wilaya ya Kinondoni, ngozi za namna hiyo si chache. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, na leo ujenzi hausimami kuanzia Tegeta hadi Madale. Saruji ikishachanganywa na maji huwa na alkali kali, pH ya 12 au zaidi, wakati ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH ya karibu 5. Alkali hiyo huharibu mafuta ya asili yanayoshikamanisha chembe za tabaka la juu. Maji ya ngozi hupotea, viganja vya fundi na saidia fundi hukakamaa, kisha hupasuka.

Hapo ndipo mafuta ya kulainisha yanapohitajika. Mafuta ya mgando, ambayo Mmarekani Robert Chesebrough aliyapatia hataza mwaka 1872 kwa jina la Vaseline, hufunika ngozi na kuzuia maji yasitoke. Gliserini na urea hufanya kazi nyingine: huvuta maji na kuyashikilia ndani ya tabaka la juu. Mafuta ya nazi hujaza nyufa ndogo na kulegeza ukavu. Yote hufaa zaidi yakipakwa mara baada ya kuoga au kunawa, ngozi ikiwa na unyevu bado, na yarudiwe mara kadhaa kwa siku. Kupaka mara moja usiku hakutoshi kwa mikono inayoshika zege kutwa. Tahadhari moja husahaulika: nguo au shuka iliyolowa mafuta ya mgando hushika moto upesi, hivyo isikaribie jiko la mkaa wala kibatari.

Zeri ni jambo jingine. Iliyo maarufu kuliko zote, Tiger Balm, chimbuko lake ni tabibu wa dawa za asili Aw Chu Kin wa Rangoon, katika miaka ya 1870. Ndani yake mna kafuri, mentholi na mafuta ya karafuu, zao ambalo Pemba inalijua kuliko sehemu nyingi duniani. Mentholi huamsha mishipa ya fahamu inayohisi baridi, ingawa joto la ngozi halijashuka. Kafuri huleta hisia ya joto. Ubongo ukishughulishwa na hisia hizo, maumivu ya mgongo hupungua kwa muda. Zeri nyingi huongezwa methili salisilati, ndugu wa aspirini. Hiyo si ya kuchezea: kijiko kimoja cha chai cha methili salisilati halisi kina nguvu inayokaribia gramu 7 za aspirini, zaidi ya vidonge 20 vya miligramu 300.

Kwa hiyo mgongo uliobeba mifuko ya saruji unaweza kuchuliwa kwa zeri, lakini viganja vilivyopasuka vipakwe mafuta tu. Zeri kwenye nyufa huwasha vibaya, na kemikali zake hupenya kwa wingi zaidi hadi kwenye damu. Mtoto mchanga asipakwe kabisa, hasa puani na kifuani, kwa sababu mentholi inaweza kubana njia yake ya hewa, na kafuri ikimezwa huweza kuleta degedege.

Vikopo vya kupaka midomoni, japo huuzwa kwa jina la zeri, kwa kawaida ni vilainishi vya nta ya nyuki na mafuta.

Mikono ikiendelea kuwasha na kutoa malengelenge licha ya mafuta, huenda mwili umeikataa kromiamu iliyomo kwenye saruji. Hapo panahitajika glovu za mpira na daktari wa ngozi.