Daftari la Wenyeji: Hitilafu za Faili la Hosts na Programu za Kuzuia Ujasusi katika Kompyuta

Neno mwenyeji lina adabu yake katika Kiswahili: mwenyeji ndiye ampokeaye mgeni na kumwelekeza njia. Wanaistilahi wa kompyuta wamelitumia kutaja mashine yoyote iliyounganishwa na mtandao na yenye jina lake. Ndani ya kila kompyuta inayotumia mfumo wa Windows limo faili dogo liitwalo hosts, yaani wenyeji, nalo ni daftari la majina na anwani tu. Makala haya yanaeleza jinsi daftari hilo linavyofanya kazi, jinsi linavyoharibiwa, na kwa nini programu zilizokusudiwa kulilinda huweza kuwa ndizo chanzo cha hitilafu. Mfano unaozingatiwa ni wa mtumiaji wa mtaa wa Majengo, katika komuni ya Karisimbi mjini Goma, ambaye kwa kawaida kompyuta yake humsemesha kwa Kifaransa.

Asili ya faili hili ni ya zamani kuliko intaneti yenyewe kama ijulikanavyo leo. Katika zama za mtandao wa ARPANET, orodha moja ya mashine zote ilitunzwa katika taasisi ya SRI, California, chini ya kikundi kilichoongozwa na Elizabeth Feinler, na kila chuo kilichukua nakala yake huko. Mashine zilipoongezeka orodha hiyo ikashindwa kubeba mzigo. Mwaka 1983 Paul Mockapetris alitoa pendekezo la mfumo wa DNS, ambao huyagawa majina kwa watunzaji wengi ulimwenguni. Hata hivyo, daftari la zamani halikutupwa. Hadi leo Windows hulisoma kwanza, na lisipokuwa na jibu ndipo huuliza nje. Hapo ndipo penye faida na hatari yake: neno la daftari hushinda neno la mtandao mzima.

Yeyote awezaye kuandika mstari mmoja katika faili hilo aweza kulipeleka jina la benki kwenye anwani ya mwizi, au kulifungia jina lolote kwa kulielekeza kwenye 127.0.0.1, anwani ambayo kwa kompyuta ina maana ya “hapa hapa nyumbani”. Kirusi Mydoom.B cha Januari 2004 kiliyafunga majina ya kampuni zinazotengeneza dawa za virusi, ili aliyeambukizwa asiweze kuifikia tiba. Mwaka uliotangulia, programu haribifu iliyoitwa Qhosts ilikuwa imetumia hila nyingine, yaani kubadili mahali ambapo Windows hulitafuta daftari, hata faili halisi likabaki safi bila kusomwa na mtu.

Watetezi nao walijifunza mbinu hiyo hiyo. Programu ya Spybot – Search & Destroy, iliyotolewa na Patrick Kolla mwaka 2000, ina huduma ya “chanjo” inayojaza katika hosts maelfu ya majina ya tovuti mbaya na kuyaelekeza yote nyumbani. Ni ujanja mzuri, lakini una gharama. Katika matoleo ya zamani ya Windows, daftari lililonenepa mno liliweza kuifanya kompyuta izubae kila inapowashwa, na tovuti halali iliyoingizwa katika orodha kwa makosa haifunguki kabisa.

Ugumu wa Goma ni kwamba sababu za tovuti kutofunguka ni nyingi. Serikali ilikata intaneti nchini kote tangu tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, kwa muda wa takriban wiki tatu. Katika mapigano ya Januari 2025 umeme na intaneti vilikatika mjini. Mtu aliyezoea hali kama hizo huulaumu mtandao kabla hajaitazama mashine yake, na si ajabu. Lakini gharama ya kukosea ni kubwa. Mwanafunzi hununua kifurushi kingine cha intaneti bure. Au humpelekea fundi kompyuta, naye fundi asiye na subira hufuta kila kitu na kuiweka Windows upya. Tasnifu ya miaka miwili yaweza kupotea kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi.

Basi kipimo cha kwanza hakihitaji utaalamu. Simu iipatie kompyuta intaneti, kisha tovuti ile ile ifunguliwe katika vyombo vyote viwili. Ikifunguka katika simu na kukataa katika kompyuta, mtandao hauna lawama. Kipimo cha pili hufanyika katika dirisha la Invite de commandes. Amri ya ping ikifuatwa na jina la tovuti huonyesha anwani ambayo kompyuta inaiamini. Amri ya nslookup huuliza DNS moja kwa moja bila kulipitia daftari. Ping ikitaja 127.0.0.1 au 0.0.0.0, ilhali nslookup inataja anwani nyingine, mkosaji karibu hakika ni hosts. Tofauti peke yake si ushahidi, kwani tovuti kubwa huwa na anwani kadhaa.

Kabla ya kugusa lolote, kazi muhimu zinakiliwe kwenye flashi, ambayo wengi Goma huiita clé. Kisha kompyuta ichunguzwe kwa programu ya kuzuia virusi iliyo na orodha mpya. Wengi hupuuza utaratibu huu, wakasafisha daftari huku aliyelichafua angali ndani. Baada ya hapo Bloc-notes ifunguliwe kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Exécuter en tant qu'administrateur. Bila idhini hiyo Windows hukataa kuhifadhi mabadiliko. Faili limo katika C:\Windows\System32\drivers\etc, na ili lionekane sharti ichaguliwe Tous les fichiers, kwa kuwa jina lake halina kiambishi cha .txt.

Tangu Windows 7, daftari ambalo halijaguswa huwa na mistari inayoanza kwa alama ya # peke yake, nayo ni maelezo yasiyotekelezwa. Kila mstari usio na alama hiyo uulizwe umetoka wapi. Msomaji asiridhike na ukurasa wa kwanza: waharibifu hupenda kuacha nafasi tupu ndefu na kuandika yao chini kabisa. Mistari ya Spybot hutambulikana kwa kuwa imezungukwa na alama za mwanzo na mwisho zenye jina la programu hiyo. Mistari mibaya ikiisha kufutwa, faili lihifadhiwe kwa jina lile lile (likigeuka hosts.txt halitasomwa), kisha amri ya ipconfig /flushdns iondoe majibu ya zamani yaliyokumbukwa.

Faili likikataa kuhifadhiwa hata kwa idhini ya msimamizi, huenda limefungwa kwa sifa ya Lecture seule. Mara nyingi aliyelifunga si adui. Baadhi ya programu za kuzuia ujasusi hulifunga kwa makusudi, na dawa ni kuifungua kinga hiyo ndani ya programu yenyewe, kisha kuirudisha kazi ikiisha. Wapo pia walinzi wawili wanaogombana katika nyumba moja. Tangu mwishoni mwa Julai 2020, Microsoft Defender ilianza kutoa onyo la HostsFileHijack kwa mafaili yaliyozifunga seva za Microsoft, hata pale mwenye kompyuta alipozifunga kwa hiari yake ili asipelelezwe. Akikubali “kusafisha”, daftari hurudishwa katika hali ya awali na mistari yake yote hupotea. Kwa hiyo onyo hilo lisomwe pamoja na faili lenyewe: iwapo majina yaliyofungwa ni ya Microsoft tu, na mwenyewe anakumbuka kuyaweka, hakuna mwizi. Iwapo mna jina la benki, la barua pepe au la kampuni ya dawa za virusi, upo uvamizi.

Mistari ikirejea baada ya kompyuta kuzimwa na kuwashwa, mwandishi wake angali hai, na uchunguzi urudiwe kwa programu ya kampuni nyingine, ikiwezekana iliyopakuliwa katika mashine iliyo salama. Hadi hapo pasiandikwe nywila yoyote katika kompyuta hiyo. Na kivinjari kikionya kwamba cheti cha tovuti ya benki hakiaminiki, kitufe cha kuendelea kisibofywe hata kama fundi anasema ni kawaida, kwani mwizi aweza kulighushi daftari, lakini si rahisi aghushi cheti.