Hodi ya Mtoto Nyumbani Kwao (Sehemu ya Tatu)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye hodi ya mgeni, ile inayobishwa mara tatu na mtu akarudi zake asipojibiwa. Leo tuingie ndani kabisa, kwa hodi inayosahaulika kuliko zote: ya mtoto katika nyumba ya wazazi wake.

Aya ya 58 ya Suratun Nur inawataka watoto ambao hawajabaleghe waombe ruhusa katika nyakati tatu: kabla ya Swala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo kujipumzisha, na baada ya Swala ya Isha. Nje ya hapo huingia na kutoka bila lawama, kwani watu wa nyumba moja hawaachi kuzungukana. Aya ya 59 inaongeza kwamba wakishabaleghe, hubisha hodi wakati wote kama wakubwa wao.

Tazameni jinsi agizo hili linavyolingana na akili ya mtoto. Ukimwambia wa miaka sita "uwe na adabu", hajui pa kuanzia. Ukimwambia "tukishaswali Isha, mlango wetu unabishwa", kesho yake anakumbuka.

Swahaba Ibn Abbas alipoulizwa mbona watu wameiacha aya hii, alieleza kwamba hapo mwanzo nyumba hazikuwa na mapazia, na mtoto aliweza kumkuta mtu yuko na mkewe. Watu walipokunjuliwa riziki wakapata mapazia, wakalegea. Nami nawafikiria wanaoishi chumba na sebule, watu sita, mlangoni imening'inizwa kanga. Hao wasidhani kwamba faragha ni ya wenye nyumba kubwa. Kanga nayo ni mlango. Mtoto asimame nje yake, aite, angoje.

Vipi kuhusu vitu? Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba hodi imewekwa kwa ajili ya jicho. Kwa maoni yangu, jicho linalochungulia chumbani na lile linalochungulia mkoba wa mama, kabati la dada au simu ya baba ni jicho lile lile, na malezi yake ni mamoja.

Hata hivyo tusiwaite wezi watoto wachanga. Wa miaka miwili anayekung'uta pochi anajifunza dunia kwa vidole. Wajibu ni wa mkubwa kuondoa cha hatari. Vidonge vya bibi vya presha au vya sukari visikae kwenye droo wala chini ya mto. Vichache tu vinaweza kumwangamiza mtoto, na vinafanana na peremende.

Akishaanza kupambanua, hapo ndipo pa kumfundisha, na mfano tunao. Al-Hasan, mjukuu wa Mtume, alipokuwa mdogo aliokota tende katika tende za sadaka akaitia mdomoni. Mtume alimwamuru aiteme, kisha akamweleza sababu: watu wa nyumba yake hawali sadaka. Kitu kikarudishwa, mtoto akaelezwa, pasipo fimbo. Wengi wetu tunaanza na kofi, na maelezo hayafiki kamwe.

Lakini hodi ya upande mmoja haikai. Mzazi anapekua begi la mtoto akiwa shule, anasoma daftari lake mbele ya wageni kwa kicheko, anampa mtoto wa jirani mwanasesere wake bila kumuuliza. Jioni anashangaa kukuta noti zake zimedokolewa. Ikiwa kuna hofu ya kweli, ya dawa za kulevya au mtu mzima anayemrubuni, begi likaguliwe, ikiwezekana mwenyewe akiwepo. Zaidi ya hapo, aombwe.

Mfano wa kumwomba mdogo nao tunao. Mtume aliletewa kinywaji, kuliani mwake amekaa kijana mdogo, kushotoni wazee. Haki ya kutangulia ilikuwa ya aliye kulia. Alimwomba yule mdogo ruhusa awape wazee kwanza. Kijana akakataa, kwani hakutaka kumwachia yeyote fungu lake litokalo kwa Mtume. Mtume akamkabidhi chombo, wazee wakiangalia.

Basi kila mtoto apewe mahali pake, hata kama ni boksi la viatu uvunguni. Anayetaka kalamu iliyomo, awe kaka au babu, amwombe mwenyewe. Akisema hapana, iachwe.

Itaendelea wiki ijayo: simu ya mzazi mikononi mwa mtoto.